Jarida Hujibiwa

Kila Jumamosi asubuhi Mama Nargis alikaanga mandazi. Harufu ya iliki ilifika mpaka kwenye lifti. Majirani wa jengo lile la Thorncliffe Park, mjini Toronto, hawakulalamika. Wengine walipiga hodi.

Mama Nargis ni Mhindi wa Singida. Alizaliwa huko, akafanya biashara ya duka huko. Mwaka 2012 alikuwa akiishi na binti yake, Shafina, aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu. "Si daktari wa sindano," Mama Nargis aliwaambia majirani waliomletea vikohozi vyao. "Ni daktari wa kusoma."

Shafina alichunguza maji ya visima vya kijiji kimoja cha Singida. Maji yale yana madini yanayotia meno rangi ya kahawia. Watu huyachuja kwa mkaa wa mifupa. Shafina alipima vichujio vyao mwaka mzima, akagundua jambo zito. Januari, mvua inapokolea, tope huziba mkaa na madini hupita. Watu wanadhani wanakunywa maji salama, kumbe sivyo.

Aliandika makala, akaipeleka kwenye jarida kubwa la kitaalamu. Jumamosi moja majibu yalikuja kwa barua pepe. Shafina alisoma, akanyong'onyea.

"Wamekataa?" aliuliza mama yake.

"Wanasema haifai ilivyo, niirekebishe. Mmoja wa wataalamu walioikagua anasema Kiingereza changu kisahihishwe na mtu aliyezaliwa nacho."

"Kiingereza chako kina nini?" Mama Nargis alifoka. "Ameliona jina tu huyo!"

"Mwingine anasema Januari ni majira ya baridi na ukavu, tope litoke wapi? Anataka vipimo vya Januari viondolewe. Basi, nitaviondoa."

"Si ulisema Januari ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo, mama. Lakini hawa ni wakubwa. Nitawajibuje?"

Nyumbani kwa Mama Nargis, mtoto aliyebishana na mkubwa aliulizwa neno moja tu: "Unanijibu?" Shafina alilelewa vizuri, tena vizuri kupita kiasi.

Mara hodi ikapigwa. Alikuwa Genoveva, jirani wa ghorofa ya juu. Ni Mtanzania, anafundisha chuo kikuu, na ameandika makala nyingi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, kula. Halafu mwangalie mdogo wako, anataka kuifuta kazi yake."

Genoveva alisoma barua ile huku akitafuna. Kisha akacheka.

"Mbona umenuna? Hii ni habari njema."

"Njema? Dada, wamenikosoa kila mahali!"

"Wangekataa, wangesema hapana. Wakikuambia rekebisha, mlango uko wazi. Hata maprofesa huandikiwa hivi. Sasa wewe wajibu."

"Kuwajibu ni utovu wa adabu."

"Hapa nyumbani, ndiyo. Kwenye jarida, kunyamaza ndiko utovu wa adabu. Wamesoma kazi yako bila malipo. Wanangoja majibu."

Genoveva akamwelekeza. Nakili kila hoja yao, andika jibu chini yake. Wamesema kweli? Washukuru, rekebisha, watajie ukurasa. Wamekosea? Washukuru pia, kisha onyesha ushahidi.

"Na Kiingereza?" aliuliza Shafina kwa sauti ndogo. Neno lile lilikuwa limemuuma.

"Chuo kina watu wa kusaidia uandishi, hata wazungu huenda kwao. Sahihisha makosa yaliyopo. Usiombe radhi kwa jina lako."

"Na Januari?"

"Wewe niambie. Januari Singida kuna nini?"

"Mvua!" Mama Nargis alidakia kutoka jikoni. "Dukani tulikuwa tunapiga deki tope mchana kutwa!"

"Basi huyo mtaalamu anawaza Januari ya hapa," alisema Genoveva. Nje ya dirisha theluji ilikuwa ikianguka. "Mwonyeshe Januari ya kwenu."

Shafina aliandika majibu, hoja kwa hoja. Kwenye hoja ya Januari aliandika: "Asante kwa swali hili. Singida, Januari ni msimu wa mvua." Akaambatanisha takwimu za mvua. Vipimo vyake havikuondoka.

Mwezi Mei jarida likaikubali makala. Yule mtaalamu aliongeza sentensi moja: alishukuru kuelezwa, na akaomba neno "mvua" liingie kwenye kichwa cha makala. Shafina alilia kwa furaha. Kisha aliwapigia simu watu wa kile kijiji. Kabla ya mvua iliyofuata, walibadilisha mkaa.

Siku ile ile ya furaha, Mama Nargis alimwita jikoni.

"Shafina, vyombo!"

"Asante kwa hoja yako, mama. Hata hivyo, ushahidi unaonyesha kwamba jana niliosha mimi."

Mama Nargis akageuka, mwiko mkononi, akijitahidi kutocheka.

"Jarida lijibu. Mimi usinijibu."

Shafina akaosha vyombo.