Kitambaa Cheusi cha Steji

Nakal aliyasikia maneno hayo kisimani, akayasikia tena darasani, na hayakumtoka kichwani: kikohozi cha watoto wa Lodwar kimeletwa na wakimbizi wa Kakuma. Mama yake, Akiru, aliyaamini kabisa. Nyawech, rafiki yake Nakal, ambaye baba yake alikuja kutoka kambini kuuza mitumba sokoni, alifukuzwa mlangoni. "Peleka kifua chako huko," Akiru alimwambia.

Nyawech hakuja tena. Lakini Ereng, mdogo wake Nakal, alizidi kukohoa.

Kila asubuhi kabla ya shule, mama aliuza chai steji, pale malori ya Kakuma yaliposubiri polisi wa kuyasindikiza. Madereva hawakuzima injini. Waliogopa zisiwake tena. Nakal alimpakata Ereng nyuma ya bomba la moshi, kama alivyoagizwa. Wachungaji huwafukizia mbuzi moshi ili nzi wakimbie. Mama aliona huu ni moshi wa bure wa kumfukuzia Ereng nzi.

Afisa wa afya, Bwana Aukot, alitundika vitambaa viwili vyeupe, kimoja steji, kingine kanisani, mbali na barabara. Baada ya siku chache akavitandaza kwenye benchi la chai.

"Ejok, mama," alimsalimu Akiru. "Vyote vina vumbi, si ndiyo? Hiki cha steji kina masizi pia. Ukitoa vumbi kama lile la kanisani, kinachobaki ni cha malori. Na siku ile hapakuwa na msafara wa malori, nilitundika kingine hapa hapa. Kilifanana na cha kanisani."

"Afisa siku hizi anafua nguo," dereva mmoja alimcheka.

Aukot aliinamia kifua cha Ereng, akasikiliza. "Mtoto huyu hukaa wapi asubuhi?"

"Nyumbani," Akiru alisema upesi.

Nakal aliliona jicho la mama yake. Ereng akakohoa mpaka midomo ikabadilika rangi.

"Hapa," Nakal alisema. "Nyuma ya lori. Kila siku."

Kwa ripoti ya Aukot, malori yalihamishiwa nje ya mji. Ereng alipata nafuu, lakini mpaka leo hawezi kukimbia na wenzake. Akiru alimtafuta Nyawech amwombe msamaha. Familia yao ilikuwa imesharudi Kakuma.

Sasa Akiru huwaambia wakubwa kwa watoto wanaopita kwenye chai yake:

Usikae nyuma ya gari linalonguruma.
Usimpeleke mtoto kwenye moshi ati nzi waondoke, mpepee.
Usimfiche afisa wa afya ukweli kwa kuogopa aibu.
Usimfukuze mtoto wa mwenzako kwa maneno ya kisimani.