Simu ya Festo Siku ya Ubatizo

—Usinshike!

—Yunis, nsikilize basi.

—Nikusikilize mara ngapi? Nshakusikiliza humu kwenye simu. Mara tatu!

—Ule ulikuwa mzaha tu na Mabrouk.

—Mzaha? Jumamosi harusi, Festo, we unamfanyia mzaha Mungu wangu?

Festo kasimama ufukweni mwa bahari, Mtoni, kanzu nyeupe ya ubatizo imemganda mwilini, maji ya chumvi yanamtoka puani. Hata dakika kumi hazijapita tokea Mchungaji amzamishe na waumini wapige vigelegele. Na kosa kalifanya mwenyewe. Kabla ya kuingia majini alimpa mchumba wake simu amrikodi video. Ndipo ukaingia ujumbe wa Mabrouk, rafiki yake wa mtaa wa Amani:

"Vipi, ushalowa? Mchungaji asije akakutoa roho hahaha."

Yunis akayapandisha mazungumzo yao juu kidogo. Akakuta ujumbe wa sauti wa Festo mwenyewe, wa jana.

—Nilifanya kwa ajili yako, Festo akasema. Si we ulosema bila ya kubatizwa huolewi nami?

—Nlisema nataka mume anayeamini! Kanisani kwenu ulinyunyiziwa maji ukiwa mtoto mchanga, hujui hata jina lako. Huku kwetu mtu anaingia majini kwa akili zake, kaamini mwenyewe. Ungenambia huamini, ningelia, ningekusubiri. Mimi nlipobatizwa mama alinifukuza nyumbani Michenzani kwa kuiacha dini yake. Mwaka wa pili huu, hata shikamoo yangu haitikii. We umekuja kuoga!

—Punguza sauti, watu wanatutazama.

—Watu? Ngoja wasikie vizuri.

Akaenda moja kwa moja kwenye spika ya kwaya, akachukua maiki, akaibana na simu. Sauti ya Festo ikajaa ufukwe mzima, mpaka vijana waliokuwa wakicheza mpira kule mbele wakasimama:

"Mwanangu, kesho nnazamishwa sekunde mbili, nikitoka nna mke. Tukishaoana, kanisani atakwenda peke yake. Yule ukimtajia Yesu na kichozi kidogo, keshalainika. Mjinga kweli yule."

Mmoja katika wacheza mpira akaangua kicheko. Mchungaji, maji bado kiunoni, akainamisha kichwa.

—Mchungaji, Yunis akauliza kwenye maiki, huyu kabatizwa au kalowa?

—Kama hakuamini, binti yangu... kalowa.

Yunis akaweka maiki chini. Festo akamkimbilia, akapiga magoti mchangani, mbele ya wote.

—Yunis, naapa. Niliingia muongo. Lakini maji yaliponifunika nkaogopa, nkamwita Yesu kwelikweli. Moyo wangu umevunjika. Naamini.

Na alikuwa akisema kweli. Miezi mitatu ya darasa la ubatizo, hii ndiyo kweli yake ya kwanza.

Yunis akamtazama kama mtu anayetazama samaki aliyeoza.

—"Moyo wangu umevunjika, naamini." Ndio ushuhuda uloutoa asubuhi hii, Festo, neno kwa neno. Nami nkalia mbele za watu. Machozi yangu nshayamaliza, huna jengine?

Festo akanyoosha mkono amshike.

Yunis akavua pete, akaitia kwenye kiganja chake kilicholowa, na simu juu yake.

—Shika. Mjibu rafiki yako, anasubiri. Mwambie ndiyo, ushalowa.

Akageuka, akashika njia ya barabarani, viatu mkononi.