Asali Iliyoonjwa Kabla ya Chai

Nyuki walifika soko la Gakoromone, mjini Meru, kabla ya wanunuzi.

Mama Karimi alikuwa ndiyo amemaliza kupanga ndizi zake mbivu juu ya gunia. Alijifunga leso vizuri juu ya sweta ya samawati, akainamisha kichwa kumshukuru Mungu kwa siku mpya, na alipofumbua macho akaona mkungu wake mzima umegeuka mweusi na unatambaa. Wateja waliokuwa wakija wakageuza njia. Jirani yake wa kabeji alitoka mbio akaacha ndala moja nyuma.

"Nani ameniletea hii balaa?"

"Ni mimi, mama. Pole sana. Usipepee mkono."

Aliyesema alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mwenye koti la kijani lililopauka mabegani. Kando yake kulikuwa na ndoo mbili za asali, na kifuniko cha moja kilikuwa kimepasuka njiani.

"Nisipepee vipi na wanaingia kwa kichwa changu?"

"Ni mmoja tu. Ametua kwa kitambaa chako cha kichwa, anakagua hayo maua. Ukitulia ataona ni ya kiwandani, aende zake."

"Wewe kijana, unanicheka?"

"Ningetaka, lakini nyuki ni wangu. Nitaonekana sina adabu."

Akaibeba ile ndoo polepole mpaka kwenye ua wa soko, na nyuki wakamfuata kama watoto wa shule ya Jumapili wanavyomfuata mwalimu wao. Mama Karimi alibaki amesimama wima, macho amefumba, mpaka yule mmoja wa kitambaani naye akaondoka.

"Na sasa hizi ndizi zilizotembelewa zitanunuliwa na nani?" akamuuliza aliporudi.

"Na mimi."

"Mkungu wote? Una familia kubwa?"

"Niko peke yangu."

Akanunua, akaweka begani, akaenda. Siku ya soko iliyofuata alirudi na ndoo zilizofungwa barabara kwa mpira, akaziweka mbali, akaja na chupa moja ya asali mkononi. "Nimeleta ya kuomba msamaha," alisema. "Ndizi nimekula mpaka nikaogopa."

Jina lake lilikuwa Kithaka. Alifuga nyuki kwao Mbeere, upande wa Siakago, kule chini kwenye joto. Alikuwa hajafika miaka thelathini na tano. Mama Karimi alikuwa ameshapita hamsini, na tangu mumewe Mukiri azikwe alikuwa amekaa bila doa, kiti cha mbele kanisani, kitambaa cheupe cha akina mama kimepigwa pasi. Watu wa rika la Kithaka aliwafundisha nyimbo wakiwa hawajaota meno ya mbele.

Lakini kila siku ya soko alinunua chupa ya asali. Na daktari alikuwa amemkataza sukari.

Kisha wakaanza kupigiana simu. Kule kwao Kithaka mtandao haukushuka mpaka bondeni, kwa hiyo kila jioni jua likiwa bado alipanda juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba yake.

"Umefika juu?"

"Nimefika. Kuna mbuzi wawili hapa wanasikiliza, kwa hivyo sema maneno mazuri."

"Umekula nini?"

"Ndizi."

"Kithaka! Utageuka tumbili."

"Nikigeuka utanifukuza sokoni?"

"Nitakufunga kamba kwa meza yangu."

Kithaka akacheka, na kicheko kilipoisha Mama Karimi akasikia upepo wa Mbeere ukivuma ndani ya simu.

"Cicily," akasema Kithaka.

Hakuna aliyekuwa amemwita hivyo kwa miaka. Kanisani alikuwa Mama Karimi, sokoni Mama Karimi, hata kwenye maombi yake mwenyewe alikuwa anajitaja hivyo mbele za Mungu.

"Sema tena."

"Cicily."

"Haya, basi. Shuka kabla ya giza, usije ukavunjika mguu."

Baada ya msimu mmoja wa mvua Kithaka alimwambia anataka kuja nyumbani kwake, kwa mlango wa mbele, mchana. Cicily akasema ngoja kwanza niwaambie watu wangu. Mkubwa wa watu wake alikuwa mzee Marete, kaka ya marehemu Mukiri na mzee wa kanisa.

"Umewaambia?"

"Kulikuwa na matanga."

"Umewaambia?"

"Mzee Marete ana mafua."

"Mafua ya mwezi mzima?"

"Si ni mtu mzima."

Kithaka akavuta pumzi. "Cicily, unanionea aibu?"

"La, si wewe."

"Basi Jumapili baada ya ibada nakuja. Na nitabeba kithembe."

Cicily akatazama nyumba yake kutoka katikati ya migomba. Kutoka Meru ya juu mpaka nchi kavu ya Mbeere, hakuna asiyejua maana ya mwanamume kuingia boma la watu na kithembe, lile pipa dogo la mti lenye kifuniko cha ngozi, likiwa limejaa asali: amekuja kuposa. Hakusema njoo. Wala hakusema usije. Hapo ndipo kosa lilipoanzia.

Jumapili ile Marete alikuja kunywa chai na wazee wenzake wawili, kama walivyozoea. Cicily alikuwa amejipangia kwamba atawaambia kwenye kikombe cha kwanza. Alikuwa jikoni anangoja maziwa yapande Kithaka alipogonga geti, na aliyemfungulia ni Karimi.

Karimi alikuwa binti yake wa pekee, anauza dawa za mifugo mjini, na siku hiyo alikuwa amevaa rinda la manjano lililomkaa vizuri. Wazee wakamwona kijana nadhifu, suti imepigwa pasi, kithembe begani. Wakamwona msichana wao anamfungulia huku anatabasamu. Ni nani angeuliza zaidi? Tena katika boma hilo, tangu enzi za baba yake Marete, asali ya kithembe haiulizwi ni ya nani kabla haijaonjwa. Kuuliza kwanza ni kama kumtilia shaka binti yako.

Cicily alitoka jikoni na sinia ya vikombe vya chai akamkuta shemeji yake analamba kidole chenye asali.

"Mama Karimi! Bwana asifiwe! Yaani ulituficha mkwe?"

Kithaka akasimama. Uso wake uling'aa. Alidhani kila kitu kimeshasemwa. "Wazee, asanteni kwa kunipokea. Sikujua itakuwa rahisi hivi. Mimi nilimjia..." Akamtazama Cicily, na macho ya wazee wote yakafuata yake.

Marete akaacha kulamba kidole. "Mama Karimi, huyu unamfahamu?"

Sinia ilikuwa nzito mkononi. Cicily aliona kiti chake cha mbele kanisani, akaona wanawake wa kitambaa cheupe wakigeuza shingo.

"Ni... ni kijana wa kuuza asali kule sokoni," akasema. "Mimi hununua kwake."

Maneno hayajamaliza kutoka alimkumbuka Petro aliyemkana Bwana wake kabla jogoo hajawika, pale uani, akiota moto wa watu. Jogoo wake mwenyewe alikuwa anaparura majani karibu na shimo la taka. Hakuwika. Lakini Cicily alimsikia.

Kithaka akafunga kifungo cha koti. "Ni kweli, wazee," akasema. "Mimi huuza asali." Akawaaga kwa mikono miwili, mmoja mmoja. Alipompita Cicily alisema polepole, "Chai inamwagika, mama."

Mama! Kama siku ile ya kwanza. Neno hilo lilimchoma kuliko kama angemtukana.

Geti lilipofungwa Marete alikuwa bado anafurahi. "Ana haya. Ni vizuri bwana arusi awe na haya. Jumapili ijayo tutakaa, bibi arusi aonje mbele yetu, halafu nitamtumia kijana neno."

"Bibi arusi gani?" Karimi akaruka. "Ba'mkubwa, mimi simjui huyo! Nimemfungulia geti tu!"

"Utamjua. Asali imeshaonjwa, hairudi. Lazima iwe na mwenyewe."

Kesho yake asubuhi Karimi alikuwa anatafuta ndala chini ya kitanda cha mama yake. Akavuta chupa ya asali. Akavuta nyingine. Akaendelea kuvuta mpaka sakafu ikajaa, zote zimefungwa, hakuna iliyoguswa.

"Mum."

Cicily akatokea mlangoni, akaziona, akakaa kwenye kiti.

"Mum, wewe si chai yako hata sukari hutii?"

"Daktari alikataza."

"Na hizi ni za nani? Za malaika?" Karimi alimtazama, akatazama chupa, akamtazama tena. Kicheko kilimtoka mpaka akakaa chini sakafuni. "Woi! Yule wa kithembe! Ndiyo maana jioni unaongea na simu kwa shamba la ndizi ukinong'ona! Mum, na ni mzuri aki!"

"Karimi, nyamaza. Ni dhambi kumcheka mzazi."

Karimi akafuta machozi ya kucheka. Kisha kicheko kikaisha kabisa usoni. "Lakini mum, jana walisema ni wangu, ukanyamaza. Ungeniacha nipelekwe kwa mtu wako?"

"Singekuacha!"

"Ulinyamaza."

Cicily akazirudisha chupa chini ya kitanda, moja moja. Alipiga simu wiki nzima, jioni, jua likiwa bado. Haikupatikana. Kithaka alikuwa hapandi jiwe tena.

Jumapili wazee walirudi, Marete na koti lake la sherehe. Kithembe kiliwekwa katikati ya meza. Karimi alikaa pembeni, mikono imekunjwa. Cicily alitoka chumbani amevaa rinda la kijani lenye kola nyeupe, ambalo Mukiri alimshonea mwaka wake wa mwisho na ambalo halikuwa limetoka sandukuni tangu hapo. Marete aliliona, akakunja uso kidogo.

"Haya, Karimi," akasema. "Njoo uonje, wazee waone umekubali."

Karimi hakusimama. Aliyesimama ni mama yake. Alichukua kijiko, akachota, akaonja. Ilikuwa asali nyeusi ya nchi kavu, yenye uchungu kidogo nyuma ya utamu.

"Mama Karimi, si wewe!"

"Ni mimi, shemeji. Asali hii ililetwa kwangu. Jumapili iliyopita nilimkana mtu mbele yenu na mbele ya Mungu. Kwa Mungu nimeshatubu. Nyinyi nawaomba mnisikize."

Mzee mmoja akakohoa. Mwingine akatafuta kofia yake na ilikuwa kichwani.

"Lakini yule ni kijana!" Marete akapata sauti. "Alipozaliwa wewe ulikuwa msichana mkubwa!"

"Ndiyo. Na Mukiri alipokuja kwetu kunichukua, mimi nilikuwa nimetoka shule juzi, yeye ana mvi. Kithembe chake nani alikibeba?"

Marete akatazama meza. Alikibeba yeye.

"Hakuna aliyecheka siku hiyo," Cicily akaendelea, sauti imeshuka. "Na sikujuta, shemeji. Ndugu yako alinipenda vizuri, nami nikamzika vizuri. Nyumba ya watu ambao umri wao hautoshani, mimi nimeshaishi ndani yake. Naijua inavyokaa."

"Hiyo ilikuwa tofauti."

"Nionyeshe tofauti, nami nitairudisha asali hii kwa mikono yangu."

Marete aliangalia ndani ya kithembe kana kwamba jibu lilizama huko. Mwishowe akatia kidole, akaonja, akapangusa ndevu.

"Shida," akasema, "ni kwamba ni nzuri."

Jumatatu Cicily alishuka Mbeere na rinda lake la kijani. Joto lilimpokea usoni kama mvuke wa sufuria. Aliuliza njia kwa wachunga mbuzi, na wao wakamwonyesha jiwe kubwa kwa vidole, na chini ya jiwe akamkuta Kithaka anateremsha mzinga kutoka kwenye mgunga. Kithaka alimwona, akaushusha mzinga polepole mpaka ukafika chini. Hakumkaribia.

"Umepotea njia, Mama Karimi? Soko liko Meru."

"Nimekuja kwa mwenye asali."

"Asali yangu niliiacha kwako."

"Nimeionja."

Kithaka akafuta mikono kwenye koti.

"Mbele yao wote. Na Karimi alikuwepo. Nilisema ni yangu." Jasho lilimtiririka chini ya kola nyeupe, naye hakulifuta. "Nilikukana, Kithaka. Nimekuja kuomba msamaha kwa miguu yangu, maana simu yako haitaki kupanda jiwe."

"Ningepanda kwa nini? Kusikia mimi ni kijana wa sokoni?"

"Una haki."

Nyuki walivuma. Kithaka alivua kofia, akaizungusha mikononi.

"Kuna jambo lingine," Cicily akasema. "Sitakuzalia. Unajua hilo. Na nitazeeka wewe ukiwa bado unapanda miti."

"Hilo la watoto nililia siku moja hapo juu ya jiwe," Kithaka akasema. "Nililia mpaka nikamaliza. Halafu nikakupigia simu, ukaniuliza nimekula nini. Hukujua." Akatabasamu kidogo, ingawa macho yalikuwa na maji. "Na mzigo wa uzee wako nitaubeba. Mimi nimezoea kubeba."

Akamkaribia, akamshika mikono miwili.

"Utaolewa nami, Cicily? Kwa mlango wa mbele?"

"Nimeshaonja. Unauliza nini tena, mpenzi?"

"Na Marete?"

"Amesema ndoa itangazwe kanisani, wanaotaka kucheka wacheke wamalize kabla ya arusi. Na ulete kithembe kingine."

"Kingine! Kile si kilikuwa kimejaa?"

"Jana walikaa mpaka jioni wakijadili. Kila neno lilihitaji kuonjwa."

Kithaka alicheka mpaka mbuzi juu ya jiwe wakageuka kutazama. Ghafla akaacha. "Tulia," akasema. "Mmoja ametua kwa kitambaa chako. Anakagua maua."

"Mwache akague," akasema Cicily, na mikono yake ikabaki palepale, ndani ya ile mingine. "Mimi sina haraka."