Turubai la Philémon

Giza lilikuwa linaingia Francine alipochukua bidoni kwenda kuteka maji bombani. Ilikuwa siku ya tatu ya kilio cha mumewe, Philémon, na chini ya turubai uani wanaume walikuwa bado wanabishana: bohari la kemikali alimofia lililipukaje hadi vioo vikapasuka mtaa wa Nguba?

"Ni radi ya kutumwa," alisema Léopold, kaka wa marehemu na mkuu wa bohari lile. "Jirani Maman Bintu aligombana na Philémon juu ya parcelle, kile kiwanja. Leo mujane ataje jina, tumalize."

Francine alijua kumaliza maana yake nini. Vijana walikuwa wameshaandaa petroli. Na Maman Bintu ndiye aliyemzalisha watoto wake wote watatu.

Bombani palikuwa na mtu mmoja tu, amempa mgongo. Alikuwa amelowa chepechepe, ilhali mvua haikuwa imenyesha. Harufu ilimfikia kwanza... harufu ya vitunguu saumu. Ni carbure, yale mawe ya kulehemu. Philémon, mlinzi wa bohari, alirudi na harufu hiyo kwenye nguo kila asubuhi.

"Bashi yangu iko wapi?" mtu alinong'ona.

"Turubai gani, papa?"

"Ya kufunika carbure. Nilimuambia Léopold: mvua inakuya, maji ikigusa ile kitu inatoa gazi ya kuwaka. Akasema ningoje, iko ku mariage, ku arusi ya binti yake."

Akageuka.

Hakuwa na uso.

Francine hakumbuki alivyofika nyumbani. Bidoni aliiacha hukohuko. Chini ya turubai wote wakamgeukia.

"Sema jina, semeki," Léopold alimwambia shemeji yake, kwa upole uleule aliokuwa akimbembeleza nao siku zote tatu.

Matone ya kwanza ya mvua yakagonga. Francine akainua macho. Pembeni mwa turubai, kwa rangi nyekundu, paliandikwa namba ya bohari. Siku tatu alikuwa amelia chini yake, na aliyemkalisha hapo alijua. Moyo ulimuuma kuliko siku ya mazishi.

"Ni wewe, semeki," akasema. "Bashi ni hii."

Watu wakatazama juu, kisha chini. Kutoka langoni hadi kwenye kiti cha Léopold palikuwa na nyayo za miguu mitupu, nyeupe kama chokaa, na maji yalikuwa bado yanachemka ndani yake.

Zilikuwa za kuja tu. Za kurudi hazikuwepo.