Kabati Lisilotaka Kusogezwa

Walikutana kwenye duka la vitambaa wakati wa mishahara, watu wamejaa hadi mlangoni. Mshona mapazia, gauni la buluu mwilini na futi shingoni, alikuwa ameshika jora la mwisho la kitambaa cha rangi ya maziwa. Ncha ya pili ilikuwa mkononi mwa mwanamume mrefu, sare nyeupe ya uuguzi, ananukia sabuni.

"Kaka, hilo nimelishika mimi."

"Nami nimelishika, dada."

"Dirisha lako lina upana gani?"

Muuguzi akapanua mikono. "Hivi."

Mshona mapazia alicheka mpaka jora likamponyoka. Akaenda kumpimia dirisha, akarudi kutundika pazia, mwishowe akawa anakwenda bila kisingizio cha pazia. Akawa anamwita "Daktari" kwa kumchokoza, naye akaitwa Bi Mapazia. Kwamba muuguzi aliwahi kuoa wakaachana, alilijua mapema na halikumnyima usingizi. Siku ya ndoa ikapangwa.

Kikabaki chumba cha kulala. Asikudanganye mtu, hakuna mwanamke anayetaka kuhamia chumba cha mwenzake akikute vilevile. Akachora sakafuni kwa chaki ya kushonea: kitanda kilichoegemea ukuta wa kushoto kiende ukuta wa kulia, meza ya kujipambia kando ya dirisha, na lile kabati kubwa la ukuta huohuo wa kushoto lihamie nyuma ya mlango.

"Kabati liache, mpenzi. Ni zito."

"Kaka yangu atakuja kusaidia."

"Sakafu itachubuka."

Alipoligusia tena, jibu lilikuwa jingine. "Ukuta una unyevu huko nyuma."

"Juzi ulisema sakafu."

"Vyote viwili, laazizi."

Hapo machale yakamcheza. Akampigia simu dada yake.

"Dada, mwanamume anayelinda kabati analinda nini?"

"Nguo za mke wa zamani. Fungua."

"Nimefungua. Mashati matupu."

"Basi tazama nyuma yake."

Jioni moja alikuwa akikunja shuka, akasikia mwanamke akikohoa. Kikohozi kilitoka nyuma ya kabati. Akasimama na shuka yake mkononi.

"Daktari, upande wa pili anakaa nani?"

"Wapangaji," alijibu muuguzi, macho yakiwa darini.

"Wapangaji gani?"

"Wapangaji tu, mpenzi. Chai iko tayari."

Chai aliiacha mezani. Alimpenda mtu huyu, hilo halikuwa na ubishi, lakini hakuwa tayari kuolewa na mwongo. Jumamosi, muuguzi yuko wodini, akaja na kaka yake. Wakalisukuma kabati, likaburuzika kwa kelele. Nyuma yake palikuwa na mlango. Mlango kamili, wenye kitasa.

Akapiga simu. "Daktari, nimesogeza kabati."

"Nakuja."

Alikuja na sare yake, jasho linamtiririka. Kaka mtu akajitia anakwenda kununua maji.

"Nani anakaa huko?"

"Mtalaka wangu. Nyumba tuligawana, mlango wake wa nje uko mtaa wa nyuma."

"Na mlango mkaubakiza."

"Tulisema tutauziba, ikawa kesho na keshokutwa. Nikaweka kabati."

"Mimi ukaniambia wapangaji."

"Mchumba niliyekuwa naye kabla yako nilimwambia kweli. Aliondoka na hakurudi. Wewe nikaogopa kukupoteza."

"Kwa hiyo ningelala hapa miaka yote, mkeo wa zamani ananisikia ninapogeuka kitandani?"

Mshona mapazia akatazama kitasa. Kama mlango umefungwa kwa ufunguo, alijiambia, nitamsikiliza. Akakinyonga. Mlango ukavutika bila hata kubishana, haukuwa na kufuli wala komeo.

Lakini hakukuwa na njia ya kupita. Mbele yake palisimama mgongo wa kabati jingine, mbao zimejaa utando wa buibui na vumbi la miaka.

"Nani anachezea mlango?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, imekauka.

"Mimi. Mchumba wake."

"Loo, pole, mwenzangu." Akakohoa. "Mimi nilizuia kwa kabati langu la vyombo siku ileile tulipogawana. Simtaki hata kwa dawa. Ila anakoroma, na kitanda chake kimegusa ukuta wangu. Ukiingia humo, nisaidie kukisogeza."

Mshona mapazia alijizuia kucheka, akashindwa. Alicheka akiwa ameegemea mlango, machozi yakamtoka, na mengine hayakuwa ya kucheka. Kisha akaurudisha mlango taratibu.

"Kesho mwashi anaziba hapa."

"Hata leo, mpenzi."

"Na ukinidanganya tena, hata kuhusu chumvi, naondoka na mapazia yangu."

"Nisamehe. Na ndoa je?"

"Shika kitanda upande ule."

Muuguzi akashika haraka. Wakakiinua, wakakipitisha juu ya michoro ya chaki hadi ukuta wa kulia. Kabla hakijatua, mchumba wake akasema, "Ngoja. Nyuma ya ukuta huu pana nani?"

"Hapana mtu. Ni barabara."

Akashusha upande wake, akabandika sikio ukutani. Muuguzi alisubiri, mikono imekufa ganzi kwa uzito. Nje gari likapita, likapiga honi.

"Haya," akasema. "Weka."