Saa Isiyotiwa Ufunguo

Jumamosi moja ya Machi 1957, watu walisongamana mbele ya duka la Bwana Devshi, kwenye barabara kuu ya Nakuru, mpaka askari akaja kuuliza kumetokea nini. Hapakuwa na mwizi wala ajali. Dirishani palikuwa na bakuli la kioo lililojaa maji, na ndani ya maji saa mpya ya mkono ilikuwa inatembea, mshale wake mwekundu wa sekunde ukizunguka kana kwamba haujui umezama. Kadi iliyowekwa pembeni ilisema: HAIINGII MAJI. HAITIWI UFUNGUO. INAONYESHA TAREHE.

Kipkemei, fundi wa duka, alisimama mlangoni kuzuia watu wasiegemee kioo. Alikuwa kijana mrefu kutoka Kuresoi, koti lake la kaki limepigwa pasi, kioo cha kuchungulia saa kimening'inia kifuani kwa uzi.

"Fundi," sauti ya kike ikamwita. "Kama haitiwi ufunguo, inatembea kwa nguvu gani?"

Aligeuka. Alimwona msichana aliyevaa gauni la manjano lenye madoa meupe na sweta ya kijani, kikapu cha nyanya mkononi.

"Ndani yake kuna kipande cha chuma, kama nusu ya sahani," Kipkemei alieleza. "Ukitembea, ukipunga mkono, kinazunguka na kukaza springi."

"Sawa. Lakini humo majini, nani anapunga mkono?"

Watu wakacheka. Kwa wiki nzima Kipkemei alikuwa amewaeleza habari za saa ile Wazungu, Wahindi na makarani wa reli, na hakuna hata mmoja aliyeuliza hivyo. Akainama, akamnong'oneza, "Usimwambie mtu. Kila asubuhi naitoa, naivaa, nafagia nayo duka lote. Ikishiba, naitumbukiza tena."

Msichana alicheka mpaka nyanya moja ikadondoka na kubingirika hadi kwenye kiatu cha askari.

Jina lake lilikuwa Awuor. Baba yake alikuwa karani wa reli Kisumu, na yeye alikuwa mwaka wa mwisho wa mafunzo ya uuguzi katika hospitali ya mjini. Siku tatu baadaye alirudi na saa yake kuukuu, zawadi ya mtawa mmoja wa misheni, ambayo ilikuwa imesimama kabisa. Kipkemei aliifungua, akaiangalia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mhimili umevunjika. Lazima kifaa kitoke Nairobi."

"Siku ngapi?"

"Wiki tatu, labda nne. Lakini unaweza kuja kuuliza kila siku."

"Kila siku nina kazi, fundi."

"Basi nitakupigia simu."

Akapiga kweli. Simu ya wodi ilipokelewa na Cheptanui, mwuguzi mwenzake Awuor, ambaye hakuwa mtu wa kuficha mambo.

"Awuor! Yule mtu wako wa saa! Anasema kifaa hakijafika!"

"Jana pia hakikuwa kimefika," Awuor alisema akishika simu. "Hiyo ndiyo habari yenyewe?"

"Ndiyo," alijibu Kipkemei. "Nimeona usikae na wasiwasi."

"Asante kwa kunijali, mpenzi wa springi."

Jina hilo lilimkaa Kipkemei kichwani siku nzima. Jumapili wakaanza kutembea pamoja baada ya kanisa, mpaka mahali ambapo upepo wa ziwani huleta vumbi jeupe la magadi. Awuor aliuliza kila kitu. Kwa nini saa nzuri hutengenezwa na Waswisi? Saa inajuaje kwamba Februari ni fupi? Kipkemei alimwambia kwamba haijui, kwamba mwisho wa mwezi kama huo mwenye saa anaizungusha tarehe mwenyewe, na Awuor akafurahi kama aliyepewa siri. Yeye naye alimshika kifundo cha mkono, akamfundisha kuhesabu mapigo ya moyo.

"Yanakwenda mbio," alisema. "Wewe ni mgonjwa."

"Nimekuwa mgonjwa tangu zile nyanya."

Mambo yangeendelea vizuri kama isingekuja saa ya Bwana wa Njoro.

Ilikuwa ndugu ya ile ya dirishani, lakini ya dhahabu, mali ya mkulima mmoja Mzungu aliyeipasua kioo wakati wa kuvuna ngano. Kipkemei aliitengeneza. Saa ya aina hiyo haipimwi ikiwa imelala mezani, ni lazima ivaliwe siku kadhaa kuona kama inajikaza sawasawa. Devshi alimruhusu aivae, lakini ndani ya duka tu. Jioni iwekwe kwenye sefu.

Jumamosi hiyo jioni Kipkemei alifunga sefu tupu. Alitaka Awuor amwone nayo mara moja tu, na Jumatatu angeirudisha kimya kimya.

"Eh!" Kesho yake, baada ya kanisa, Awuor alisimama katikati ya njia, akavuta juu mkono wa koti la Kipkemei. "Hii ni ya nani?"

Alikuwa na nafasi ya kusema. Macho ya Awuor yalimwangalia kwa namna ambayo hayakuwahi kumwangalia, na neno likatoka lenyewe.

"Yangu."

Awuor hakuuliza zaidi. Kwa mara ya kwanza hakuwa na swali, alifurahi tu. Kisha akasema, taratibu, "Kipkemei, Jumatano nina mtihani wa wodini. Nitahesabu mapigo na pumzi za wagonjwa mbele ya Sista mkuu. Saa yangu bado iko kwako. Nikopeshe hii siku hiyo moja, tafadhali."

Kama angekataa, angelazimika kueleza. Mwenye saa alikuwa amesema atakuja Ijumaa. Kipkemei aliifungua, akamfunga mkononi, akauvuta mkanda mara tatu kuona kama umeshika.

"Unaogopa nitaipoteza?"

"Siogopi kitu," alisema, na huo ukawa uongo wa pili.

Bwana wa Njoro alikuja Jumatano saa nne asubuhi, buti zina matope, ana haraka. Devshi alifungua sefu. Akatazama ndani, akamtazama Kipkemei.

"Saa ya Bwana iko wapi?"

"Iko kwa majaribio," Kipkemei alisema. "Nipe nusu saa."

"Dakika ishirini," alisema Mzungu. "Halafu naita polisi."

Ilikuwa bado Hali ya Hatari, ile iliyotangazwa na serikali wakati wa Mau Mau. Mwafrika kukutwa na saa ya dhahabu ya Mzungu haikuwa jambo la kujieleza ukaaminiwa. Na aliyekuwa ameivaa wakati ule, mbele ya watu, alikuwa Awuor. Kipkemei aliikamata simu ya duka.

"Cheptanui, niite Awuor. Haraka."

"Yuko katikati ya mtihani! Una wazimu?"

"Niite, nakuomba!"

Awuor alikuja akihema, sauti yake imeshuka. "Kuna nini? Sista ananitazama."

"Hiyo saa si yangu."

Akaendelea kabla Awuor hajauliza.

"Ni ya mteja. Yuko hapa, anataka kuita polisi. Nakuja mbio kuichukua."

"Kipkemei," alisema polepole, "umenivisha saa ya mtu mwingine?"

Akakata simu.

Kipkemei alimkuta Awuor kwenye ngazi za wodi, sare yake nyeupe na mshipi wa buluu, saa ameishika kwa leso kama kitu kichafu. Alimpa, akageuka akarudi ndani. Sista akamwuliza saa yake iko wapi. "Haikuwa yangu, Sista. Nimeirudisha." Sista akaivua yake na kumpa. Awuor alihesabu mapigo ya mgonjwa wa mwisho machozi yakimlenga, na hakukosea hata pigo moja.

Kipkemei aliwahi. Mzungu alikuwa ameshika mlango tayari kutoka, akaichukua saa na kuuliza ilikuwa wapi. Kipkemei angeweza kutunga jambo. Alimtazama Devshi, akasema, "Niliivaa nje, Bwana, kujionyesha. Kosa ni langu peke yangu." Jina la Awuor hakulitaja. Mzungu alitukana, akaondoka, na hakurudi tena dukani. Devshi hakumfukuza fundi wake, ila alimwondoa kwenye saa za mkono. Miezi mitatu Kipkemei alisafisha saa za ukutani, vumbi la jikoni za watu likimjaa puani.

Alipiga simu hospitali mara tano. Mara zote Cheptanui alijibu, "Amesema hayupo. Na mimi nimechoka kusema hivyo." Kifaa cha Nairobi kilipofika, Devshi aliitengeneza saa ya Awuor kwa mkono wake, akampa mtumishi aipeleke hospitali.

Mwezi wa Julai, gazeti la wenye maduka ya saa lilifika kutoka London. Kipkemei alilifungua wakati wa chai, akasahau chai. Huko Amerika walikuwa wametoa saa ya mkono isiyotiwa ufunguo, isiyohitaji hata kupungwa mkono. Ndani yake mlikuwa na betri ndogo kama kifungo cha shati. Aliisoma habari ile mara mbili, akainua kichwa kumtafuta mtu wa kumwambia, na mtu aliyemtaka alikuwa mmoja tu. Akaandika barua fupi. Hakuomba msamaha ndani yake, alieleza ile saa tu, na mwisho akaandika, "Sijui betri inadumu muda gani. Gazeti halisemi."

Jumamosi Awuor alisimama mlangoni, gauni la buluu, kilemba cheupe, uso hauna tabasamu.

"Nimekuja kuona gazeti. Sikuja kukuona wewe."

"Karibu. Liko mezani."

Walisoma wakiwa wameinama pamoja, mabega hayagusani.

"Betri ikiisha, saa inakufa?"

"Sijui."

"Ikilipuka mkononi?"

"Sijui, Awuor. Ukweli sijui."

Akamwangalia. "Ningefungwa, Kipkemei. Kwa sababu ulitaka nikuone mkubwa."

"Najua. Kila siku nalifikiria hilo. Uliponiuliza ni ya nani, ningesema ni ya mteja ungefanya nini?"

"Ningekuuliza yuko wapi, na ameipasuaje, na ngano ya Njoro inavunwa na mashine gani." Akaligonga gazeti kwa kidole. "Saa ya mkono ina nini? Mimi nilikuwa nakuja kukusikiliza wewe."

Nyuma ya kaunta Devshi alianza kupanga vitu vilivyokwisha kupangwa.

"Nimemwomba Bwana Devshi ruhusa ya siku nne," alisema Kipkemei. "Niende Kuresoi kwa baba."

"Kuna mgonjwa?"

"Hapana. Nataka kumwambia kuna msichana wa Kisumu ambaye nilimkosea, na kwamba akinikubali nitamwoa, na akinikataa nimjulishe baba aache kuniuliza nitaoa lini." Akamgeukia. "Awuor, nakuuliza wewe kwanza. Utanikubali?"

Awuor alikunja gazeti taratibu, akalirudisha mahali pake. Alimshika kifundo cha mkono, akafunga macho, midomo yake ikihesabu bila sauti.

"Bwana Devshi," aliita bila kumwachilia, "huyu siku nne hazimtoshi. Mpe nane. Tukitoka Kuresoi tutapanda treni kwenda kwa baba yangu, na baba akianza kuuliza maswali, hamalizi kwa siku moja."