Vumbi la Barabara ya Paris

Kila asubuhi, kabla umande haujakauka, Léonarde aliwatoa kondoo wa bibi yake zizini na kuwapandisha kilimani. Kutoka huko juu aliweza kukiona kijiji chote cha Chambarel: mnara wa kanisa, mashamba ya nafaka, na barabara ya Paris iliyopinda na kupotelea msituni. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Kazi ya kuchunga alipewa na bibi, lakini kazi ya kuitazama barabara alijipa mwenyewe.

Baba yake, Aubin, alikuwa mwashi, kama walivyokuwa karibu wanaume wote wa Chambarel. Baridi ilipopungua, waashi walifunga vifurushi vyao wakaenda Paris kwa miguu, kujenga nyumba za watu wengine. Walirudi majani ya miti yakiwa yamekwisha kuanguka. Kwa hiyo kiangazi cha Chambarel kilikuwa cha akina mama, wazee na watoto. Ah, vilikuwa viangazi vizuri vile! Harufu ya nafaka iliyoiva ilijaa kila mahali, na wanawake walitaniana shambani kutwa nzima. Lakini mezani, kila nyumba ilikuwa na nafasi moja tupu. Léonarde alikuwa ameanza kuisahau sauti ya baba yake, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyoweza kumweleza mtu.

Mwaka ule, 1789, habari zilikuwa nyingi kuliko mvua. Ilisemekana kwamba watu wa Paris wameivamia ngome ya mfalme. Ilisemekana pia kwamba mabwana wakubwa, kwa hasira, wamekodi majambazi wapite vijijini wakichoma mashamba. Asubuhi moja ya Julai, mwenye kinu cha maji alipita shambani akihema.

"Akina mama, mnavuna polepole hivyo mnamngoja nani? Majambazi wako upande wa pili wa msitu! Wanachoma kila kitu!"

"Umewaona?" aliuliza Bibi Valérie, bibi yake Léonarde, bila kuacha mundu wake.

"Mimi? La. Nimesikia kwa shemeji yangu."

"Na shemeji yako kawaona?"

"Kasikia sokoni. Lakini huko sokoni, bibi, walikuwa na hakika kabisa!"

Wanawake walicheka, lakini hawakucheka sana. Nafaka ile ndiyo ilikuwa mkate wao wa mwaka mzima, na ilikuwa kavu, tayari kushika moto.

Adhuhuri, Léonarde akiwa kilimani, aliona vumbi likitimka barabarani kule msituni. Ndani ya vumbi kulikuwa na watu wakija kwa kasi, weupe kwa vumbi kutoka kofia hadi viatu. Begani kwa mmoja wao kitu kiling'aa. Hayo tu ndiyo aliyoyaona. Aliwaacha kondoo, akateremka mbio mpaka shambani.

"Watu wanakuja! Barabarani!"

"Si ni barabara?" alijibu rafiki yake Sylvaine, akifunga mganda. "Ulitaka wapite samaki? Huyu naye, kila siku yuko kule juu anamngoja baba yake mwezi wa Julai!"

Wenzake wakaangua kicheko. Léonarde alihisi masikio yakiwaka moto. Alitaka wanyamaze, alitaka wamgeukie, na maneno yakamtoka kabla hajayapima.

"Ni majambazi! Wana mapanga! Wana bunduki! Nimewaona kwa macho yangu!"

Kicheko kikakatika. Mama yake alidondosha mundu. Kitambo kidogo baadaye kengele ya kanisa ikaanza kupigwa, si kwa mpigo wa sala, bali upesi upesi, mpigo wa hatari ambao watoto wengi hawakuwahi kuusikia. Mzee Martial, aliyekuwa askari ujanani, alitoka kwake na bunduki yake ya kuwindia, akachukua uongozi.

"Tutawangoja pale barabara inapopita chini ya kingo," alisema. "Wenye uma wa kugeuzia nyasi, kulia. Wenye mawe, kushoto. Na huyu binti, Mungu ambariki, ametuokoa."

Watu wakampigapiga Léonarde mgongoni. Hata Sylvaine alimshika mkono, akamnong'oneza, "Nisamehe, shoga. Mimi ni mjinga." Kwa muda Léonarde alijiona mkubwa. Kisha wakalala juu ya kingo, nyuma ya vichaka. Alimwona bibi yake akijaza mawe kwenye aproni. Alimwona mama yake ameukamata uma wa kugeuzia nyasi. Mzee Martial aliegemeza bunduki kwenye jiwe.

"Wa mbele ni wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Wakianguka wawili watatu, wengine watakimbia."

Léonarde aliitazama ile bunduki. Wa mbele ni nani? Yeye hakuona bunduki. Hakuona hata panga moja. Je, kama ni wachuuzi? Kama ni watu waliopotea tu? Akisema sasa, kijiji kizima kitamwita mwongo, na Sylvaine hatalisahau hadi uzeeni. Asiposema, mtu atakufa mbele ya macho yake.

Vishindo vya miguu vilianza kusikika. Alijiburuta mpaka kwa bibi yake.

"Bibi, sikuona bunduki."

Bibi Valérie aligeuka. "Unasema nini?"

"Niliona vumbi. Niliona watu na kitu kinang'aa. Basi. Hayo mengine niliyatia mimi, kwa sababu walinicheka."

Bibi hakumgombeza. Alifungua aproni, mawe yakaanguka. "Martial! Shusha hiyo bunduki! Mtoto hakuona silaha!"

"Inama, bibi! Wameshafika!" Martial alifoka, jicho likiwa kwenye shabaha. "Tukikosea sasa tumekwisha!"

Watu weupe walijitokeza kwenye kona. Léonarde hakungoja tena. Alisimama juu ya ukingo, waziwazi, katikati ya bunduki na barabara, akapaza sauti.

"Simameni! Ninyi ni nani?"

Wale watu walisimama ghafla. Aliyekuwa mbele, mwenye mwiko wa kujengea uliochomoza kwenye kifurushi chake, alikinga jua kwa mkono.

"Nani huyo ananiuliza hivyo kwenye njia ya kwetu? Wewe ni mtoto wa nani?"

Aliijua sauti ile. Kumbe hakuwa ameisahau hata kidogo.

"Ni mimi, baba! Léonarde!"

"Léonarde?" Mtu yule alitupa kifurushi chini. "Mbona umekuwa mrefu hivyo?"

Ilikuwa vurugu tupu baada ya hapo. Wanawake waliteremka kingo wakiteleza, wakilia na kucheka, kila mmoja akimfuta mwashi wake vumbi usoni. Mzee Martial aliiweka bunduki nyasini, akakaa chini kando yake.

Jioni, juu ya supu ya kabichi na mkate mweusi, Léonarde alimweleza baba yake kila kitu, kichwa kimeinama. Alingoja kofi. Aubin alimegea mkate kwenye supu.

"Unajua kwa nini tulikuwa tunakimbia?" alisema hatimaye. "Kazi zimesimama Paris, matajiri wamefunga safari. Tulikuwa tunarudi taratibu, kwa mwendo wetu wa kawaida. Juzi, kwenye nyumba ya wageni, mtu mmoja akatuambia Chambarel imechomwa, hakubaki hata mtoto. Akaapa kwamba ameona kwa macho yake. Tangu juzi, mwanangu, mimi natembea nikikulilia wewe."

Mama alimshika mume wake bega.

"Yule mtu hakuwa mbaya," Aubin aliendelea. "Labda aliona moshi tu, nawe uliona vumbi. Nchi nzima inakimbizana na majambazi ambao hakuna aliyewaona. Tunataka kuijenga nchi mpya, sawa. Lakini mimi ni mwashi, siwezi kujenga kama aliyeko chini ananiambia ukuta umenyooka na hajautazama. Ukiona vumbi, sema vumbi. Pale macho yako yalipoishia, na ulimi wako uishie hapo. Leo umechelewa kusema kweli, lakini umesema, tena umesimama mbele ya bunduki kuisema. Kwa hiyo niko hapa nakula supu."

Kesho yake waashi walivua makoti wakaingia shambani. Mwaka uliofuata walirudi Paris, na mwaka wa baada yake pia. Léonarde aliolewa, akawa mama, akawa bibi, na habari kubwa nyingi zilipita kwenye barabara ile. Lakini mavuno yakifika, alikumbuka kiangazi kile kimoja tu alichovuna na baba yake ubavuni, mundu wa baba mbele, wake nyuma, na Sylvaine akiwatania kwamba Aubin anakata nafaka kama anayepasua matofali.